Nesi Asiye na Salamu

Watu wa huku kwetu watakwambia mimi ni nesi nisiye na salamu. Wanasema kweli, na sina haja ya kuwabishia. Mgonjwa akiletwa mlangoni sisemi habari, sisemi shikamoo, sisemi hata kamwene ya Kihehe. Namshika mkono. Nausikiliza kama ni wa moto au wa baridi, natafuta mapigo chini ya dole gumba, nabonyeza ukucha na kuangalia kama rangi inarudi upesi au inasuasua. Nikimaliza hapo ndipo najua huyu ni wa kusubiri au wa kuingia.

Nilifundishwa hivyo Mbeya, nilipokuwa mwanafunzi, na Sista Ikupa, Mnyakyusa wa Tukuyu mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Asubuhi moja nilimuuliza mzee mmoja wodini, "Umeamkaje, babu?" Akanijibu, "Salama, mjukuu wangu, sijui nyie." Nikaandika kwenye faili kwamba anaendelea vizuri. Kabla sijafika kitanda cha tatu, babu alikuwa amekata roho. Sista Ikupa alinivuta sikio mbele ya wenzangu, sikio hasa, mpaka likawaka.

"Ukimsalimia mtu wetu atakujibu nzuri hata kama utumbo uko nje," alisema. "Ndivyo alivyolelewa. Adabu inamtoka kabla ya maumivu. Wewe mshike mkono kwanza. Salamu utampa akipona."

Nimeishi na maneno hayo miaka kumi na moja. Mama yangu, pale Kihesa, yalimkera mpaka akaacha kuwaambia majirani kwamba mimi ni mwanawe. Binti wa Kihehe asiyesalimia wakubwa ni aibu ya ukoo mzima. Lakini wagonjwa wangu wengi walirudi nyumbani kwa miguu yao, na mimi hilo lilinitosha.

Halikumtosha Filemoni. Huyu ni mkulima wa nyanya, mtu wa sauti kubwa na ndugu wengi. Mwezi wa kwanza alimleta mama yake akiwa na homa ya mapafu, midomo imebadilika rangi. Nilimnyakua yule bibi mikononi mwake bila neno, nikamwekea oksijeni, na bibi akapona, mpaka leo analima. Filemoni alishukuru kwa kuandika barua na kuitumbukiza kwenye sanduku la maoni: nesi Veneranda hana utu, hakunisalimia mimi wala mama yangu mwenye miaka sabini na nane.

Ilikuwa barua ya tatu. Matroni wetu, Apolonia, aliniita ofisini siku ya Jumatatu. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumetoka kwenye semina ya huduma kwa mteja, ambako kijana mmoja mwenye tai alitufundisha kutabasamu.

"Venera, ikija ya nne nakuhamishia stoo ukahesabu mashuka," alisema. "Wasalimie watu. Unapungukiwa nini?"

Nikamwambia sawa, Matroni. Nilisema kwa hasira, lakini nilisema.

Kesho yake, saa nne asubuhi, ndipo watu walipopigana kwenye mzigo wa nyanya.

Hospitali yetu iko kando ya barabara kuu, si mbali na Ilula, na msimu wa nyanya tunajua ugomvi wake. Siku zote ni lumbesa. Mnunuzi anataka tenga lijazwe mpaka livimbe kifua juu, kisha liitwe tenga moja. Mkulima anataka lijazwe mpaka kwenye ukingo basi. Asubuhi hiyo mpakiaji wa Fuso moja kutoka Mbeya alikuwa akishindilia, na Sosthenes, mpwa wa Filemoni, akalivuta tenga. Mpakiaji akang'oa ubao wa tenga akampiga nao kichwani. Kisha akakimbilia mashambani na hakuonekana tena. Aliyebaki pale pembeni ya gari ni tajiri wake, mnunuzi mwenyewe, na watu wenye hasira humpiga aliyebaki.

Sosthenes alifika wa kwanza, amebebwa na wanaume wanane. Ngozi ya kichwa ilikuwa imefunguka kutoka paji la uso hadi nyuma ya sikio, na kipande chake kilining'inia. Damu ilimwagika usoni, shingoni, kwenye mashati ya waliombeba, sakafuni. Alikuwa akipiga kelele mpaka walioko foleni ya kliniki wakatoka nje kuangalia.

Nyuma yao aliingia mwanaume wa kama miaka arobaini, akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Bodaboda alimshusha getini akageuza haraka. Shati lake lilikuwa na vumbi na alama za viatu, mdomo umechanika, jicho moja limefumba. Mkono mmoja ulishikilia ubavu wa kushoto. Alivua kofia yake nyeupe, akaikung'uta vumbi, akaivaa tena.

Pale kwetu tunawafunga wagonjwa vitambaa mkononi, tunavyovikata wenyewe kutoka vitenge vya zamani. Chekundu ni wa kufa tusipofanya kitu sasa hivi. Cha njano anaweza kuvumilia kidogo. Cha kijani akae kwenye benchi alalamike. Siku hiyo chekundu kilikuwa kimebaki kimoja, na Happy, nesi mwenzangu ambaye hakuwa hata amemaliza mwaka kazini, alikuwa amekishika akinitazama.

Wanaume wanane walikuwa wakinipigia kelele masikioni. Filemoni alikuwa mbele yao, jembe bado mkononi. Nilimwona Matroni amesimama kwenye korido, akiniangalia mimi tu.

Nikamgeukia yule mwanaume wa kofia. Nikatabasamu kama nilivyofundishwa.

"Pole kaka. Habari yako?"

"Salama, dada yangu, alhamdulillah," akajibu. "Nyie hamjambo hapa? Poleni na kazi."

Alinipa pole. Mtu amekanyagwa tumboni na viatu vya shambani, ananipa mimi pole na kazi. Nikamwambia Happy, "Huyu njano, akae benchi." Chekundu nikamfunga Sosthenes. Mkono wa mtu wa kofia sikuugusa.

Nilimshughulikia Sosthenes kwa robo saa. Kichwa kinatoa damu nyingi na kinatisha, lakini kikibanwa vizuri kinatulia. Nilirudisha ile ngozi mahali pake, nikabana kwa gozi ya pamba, nikazungusha bandeji, nikamwekea dripu. Mapigo yake yalikuwa na nguvu na mikono ilikuwa ya moto. Kijana mwenye pumzi ya kutukana mama wa mtu aliyempiga, mama wa mama yake, na Fuso yenyewe, ana damu ya kutosha. Nilijua hivyo tangu dakika ya tatu. Lakini Filemoni alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, na kila nilipogeuka aliuliza naenda wapi.

"Dada Venera," Happy aliniita. "Yule kaka ameomba maji mara mbili. Na anasema bega la kushoto linamvuta."

Begani hapakuwa na alama hata moja ya kiatu. Niliangusha mkasi sakafuni nikakimbia.

Alikuwa ameteleza kutoka kwenye benchi, amekaa chini, mgongo ukutani, kofia mapajani. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi na umelowa jasho. Nilibonyeza ukucha ukabaki mweupe, nikahesabu mpaka tano bado mweupe. Mapigo yalikuwa membamba yanakimbizana. Nilipogusa ubavu wa kushoto, tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Bandama ikipasuka, damu humwagika ndani, na ile damu ndiyo inayomvuta mtu bega. Mwanaume huyu alikuwa ametokwa na damu robo saa nzima mbele ya macho yetu bila tone moja kudondoka sakafuni.

"Jina lako nani?"

"Hamza. Natokea Mbeya, Ilomba." Alimeza mate. "Dada, mke wangu anaitwa Naima. Namba yake iko kwenye simu. Usimtishe."

"Happy, mwite Dokta Tadeo, theata sasa hivi. Damu kundi O, chupa zote zilizopo. Kanula mbili, kubwa." Nikarudi kitandani kwa Sosthenes, nikakifungua kile kitambaa chekundu mkononi mwake, nikaenda nacho kumfunga Hamza. Katika theata yetu hawakuulizi maneno. Wanaangalia mkono.

Hilo ndilo lililowasha moto. Yote mengine wangeweza kuyavumilia, lakini walimwona nesi akimvua mtoto wao kitambaa na kumvalisha adui.

"Wewe," Filemoni alisema. "Unamvua wetu unampa huyu muuaji?"

"Wako anashonwa hapahapa na anarudi nyumbani. Huyu anakufa. Nipishe."

"Si afe. Ndiyo amekuja kutuibia huku. PF3 yake iko wapi? Polisi wamemwandikia fomu?"

"Fomu itamkuta theata. Nipishe, baba."

Tulikuwa tumemlaza Hamza kwenye machela, Happy mbele, mimi nyuma. Korido yetu ni nyembamba na walikuwa wameshaijaza, si wanane tena, labda thelathini, waliotoka gulioni wakiwa na mbao za matenga. Mlinzi wetu, mzee Joachim, alikuwa amekwenda kunywa chai, na chai ile ilimchukua mpaka saa nane mchana.

Mmoja aliushika mguu wa machela akaupindua. Hamza alidondokea sakafuni kwa ubavu uleule. Hakupiga kelele, alitoa pumzi tu, kama gunia linapotuliwa. Wakaanza kumkanyaga. Kiatu kimoja kilitua tumboni, kingine shingoni, mtu akampiga ubao magotini huku akisema lumbesa, lumbesa, kila pigo na neno lake. Kanula iliruka ikatoka mshipani na damu ikachora ukuta mpaka kwenye bango la kunawa mikono.

Nilijitupa chini. Sikufikiri, nilimlalia Hamza kwa mwili mzima, na mbao zikanishukia mimi. Ya kwanza ilinipata mgongoni. Ya pili niliikinga kwa mkono wa kushoto, nikasikia mfupa ukilia ndani kabla sijasikia maumivu. Mtu alinivuta nywele. Mtu mwingine alinipiga teke la mbavu, na ninamjua, nilimzalisha mke wake.

Nitasema ukweli wangu wote. Pembeni ya ukuta palikuwa na mtungi wa oksijeni na spana yake inaning'inia kwa kamba. Niliikata kamba ile kwa kuivuta, nikasimama, na Filemoni alikuwa mbele yangu na jembe lake juu. Nilimpiga kwanza. Nilimpiga kwa nguvu za kulima, begani karibu na shingo, na mfupa ukavunjika. Akaanguka kwa magoti. Nilifurahi. Nilitaka kumpiga tena, kichwani safari hii, na mkono ulikuwa umeshapanda juu, Happy aliponipigia kelele.

"Dada! Mguu mmoja wewe, mmoja mimi!"

Tulimburuta Hamza kwa miguu kama mzoga, kichwa chake kikigonga sakafu, mita kumi, mpaka mlango wa theata. Dokta Tadeo alimpokea kwa mabega. Wakaingia wote watatu. Mimi nilibaki nje, nikaketi chini, mgongo nikauegemeza mlangoni na miguu nikaikita ukutani upande wa pili. Korido nyembamba ina faida yake. Ili waufikie mlango ilibidi wanivunje miguu kwanza.

Walijaribu. Walinipiga kwenye mapaja na magoti, wakanitemea mate, wakaniita malaya wa watu wa Mbeya. Mwanamke mmoja alinimwagia ndoo ya maji ya kudekia. Nilikuwa na spana, na kila mguu uliosogea karibu niliupiga kwenye mfupa wa mbele. Sijui ilikuwa muda gani. Kisha bunduki ililia nje, mara moja, polisi walipiga hewani, na ile korido ikamwagika watu madirishani na milangoni mpaka ikabaki na viatu, mbao na nyanya moja iliyopondwa ambayo sijui nani aliileta.

Walikimbia wote na kumwacha Sosthenes kitandani na bandeji yake. Alikuwa akilia akiuliza wajomba zake wako wapi. Filemoni alikuwa bado amepiga magoti, ameshikilia bega.

Happy alitoka theata akanikuta. Nikamwambia, "Mimi sijambo, nenda kwa wengine." Alipiga magoti kwenye yale maji machafu, akanishika mkono mzima, akabonyeza ukucha, akahesabu kwa midomo. Nilimwangalia nikatamani kulia.

"Wewe njano," alisema. "Usiinuke."

Niliinuka. Nilimwendea Filemoni nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto, ukucha ulirudisha rangi upesi. Nikamfunga kitambaa cha kijani, nikamwambia akae benchi asubiri. Sikufanya hivyo kumkomoa. Mfupa wa bega hauui mtu, na ningemkuta wa baridi ningempa chekundu palepale, ingawa ningelia kwa hasira nikimfunga. Askari alikuja akamfunga pingu kwenye benchi hilohilo.

Saa sita na nusu Dokta Tadeo alitoka. Hakuwa na haja ya kusema, lakini alisema.

"Bandama ilikuwa vipande viwili. Tumbo lote damu. Nilifunga mshipa, nikamtia chupa mbili zilizokuwepo, moyo ukakataa." Alivua glavu. "Na yale mateke ya pale koridoni hayakusaidia. Lakini ningempata robo saa kabla, Venera. Robo saa tu. Hata kabla hawajajaa humu ndani."

Hakujua anamwambia nani. Alidhani ananifariji.

Nimeshalihesabu jambo hili kwa kila namna. Polisi waliwakamata sita na kesi iko mahakamani, na ni haki, wao ndio waliomuua. Lakini wao walimuua kwa mateke na mimi nikawasaidia kwa salamu. Aliyekuwa anakufa alikuwa mbele yangu, nilikuwa na mkono na nilikuwa na miaka kumi na moja ya kujua, nikaogopa barua ya nne.

Naima alifika asubuhi iliyofuata. Huku kwetu msiba hausemwi kwenye simu. Dokta alikuwa amemwambia, njoo shemeji, mgonjwa amezidiwa kidogo, naye alipanda basi kutoka Mbeya, akalala kwa ndugu zake Iringa mjini, akaja na hotpoti ya uji na kanzu safi imekunjwa kwenye mfuko. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mapokezi, mkono kwenye hogo la plasta, mbavu zimefungwa. Walikuwa wamenipa ruhusa ya kwenda nyumbani nikakataa.

"Asalaam aleikum," alisema. "Habari za hapa?"

"Nzuri," alijibu karani wa mapokezi.

"Habari za mgonjwa wangu, Hamza, wa Mbeya?"

"Nzuri," alisema Matroni Apolonia, macho yakiwa kwenye meza. "Karibu. Karibu ukae kwanza."

"Nzuri, mama," alisema mfanya usafi.

Akanigeukia mimi. Labda kwa sababu ya hogo, labda kwa sababu nilikuwa sijasema kitu. "Habari yako, dada? Pole. Umepata ajali?"

Sikuitikia. Nilisimama, nikanyoosha mkono mzima, nikamshika wake. Ulikuwa wa moto, na mapigo yalikuwa yanakwenda vizuri. Nilimwona akianza kuelewa kutokana na vile nilivyoushika. Aliweka hotpoti chini, taratibu, isimwagike.

Nikamwambia amefariki, jana, saa sita. Nikamwambia ni nani waliompiga na kwa nini. Matroni alinigusa bega ninyamaze, sikunyamaza. Nikamwambia kwamba alipofika alikuwa anatembea, kwamba mimi ndiye niliyempokea, kwamba nilimweka kwenye benchi robo saa nikaenda kumfunga bandeji mtu ambaye angeweza kungoja. Polisi sikuwa nimewaambia hilo. Hawakuniuliza.

Naima hakuutoa mkono wake.

"Hakusema anaumwa?" aliuliza.

"Nilimuuliza habari. Akasema salama. Akanipa pole na kazi."

Alitikisa kichwa, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Ndiye Hamza huyo," alisema. "Miaka kumi na tano sijawahi kumsikia akisema neno lingine." Kisha akaniangalia usoni. "Na wewe ukamwamini."

Nikamwambia ndiyo, nilimwamini.